Maswali ya Wasomaji: Tunalipia Video, Ubora Tutaudai Vipi?

Swali kutoka Kisumu

Mheshimiwa Mhariri,

Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Kisumu. Wanachama wetu ni wachuuzi wa samaki, walimu, na wakulima wa mpunga kutoka upande wa Ahero. Mwaka uliopita halmashauri yetu iliamua tutengenezewe video ya kukitambulisha chama, ionyeshwe kwenye mkutano mkuu kisha isambazwe kwa watu ambao wangependa kujiunga. Tuliyoletewa ilikuwa ya dakika tisa. Ziwa lilionekana vizuri kutoka angani, na jengo letu pia, lakini mwenyekiti alipoanza kueleza habari za mikopo maneno yake yalimezwa na kelele za barabarani, na majina ya wajumbe wawili yaliandikwa vibaya. Video yenyewe ilitufikia usiku wa kuamkia mkutano, hivyo hatukupata hata nafasi ya kulalamika.

Mwaka huu tumetengewa fedha tena. Tumepokea kwotesheni tatu za video ya dakika tano: moja ya shilingi 85,000, nyingine ya 240,000, na ya tatu ya 610,000. Baadhi ya wajumbe wanasema rahisi ni ghali, twende kwa hiyo ya juu kwa sababu kampuni ile ina kamera kubwa. Wengine wanataka tumrudie kijana wa mwaka jana kwa kuwa ni mtoto wa mwanachama. Mkutano wetu ni mwezi wa Aprili. Tufanye nini ili safari hii tupate kazi bora?

Katibu, Kisumu

Jibu

Bi. Katibu, ukiisoma upya barua yako utaona kwamba katika yote yaliyowaudhi mwaka jana hakuna hata moja lililosababishwa na udogo wa kamera. Sauti ilipotea kwa sababu mahojiano yalifanyiwa mahali penye kelele bila maikrofoni ya kumkaribia msemaji. Majina yalikosewa kwa sababu, nadhani, hakuna aliyemkabidhi mhariri wa video orodha iliyoandikwa na kuhakikiwa. Na kazi ilichelewa kwa sababu huenda makubaliano yenu hayakuwa na tarehe nyingine yoyote isipokuwa ile ya mkutano. Makosa hayo yangetokea vilevile hata kwa vifaa vya mamilioni. Ndiyo maana sitawashauri mwanze na bei wala na kamera. Ubora wa video ya taasisi huamuliwa kwa sehemu kubwa na yule anayeiagiza, kabla ya mtu yeyote kufika na mkoba wa vifaa, na jambo ambalo hamkuliandika hamtakuwa na njia ya kulidai.

Kwotesheni zenu tatu haziwezi kulinganishwa kwa sasa. Yule wa 85,000 huenda amepiga hesabu ya mtu mmoja, kamera moja, siku moja ya kurekodi na siku mbili za kuhariri. Yule wa 610,000 huenda ameweka mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti, mtu wa taa, droni, msimulizi wa kulipwa na gari la kuwaleta kutoka Nairobi. Wote wamejibu ombi la “video ya dakika tano”, na ombi hilo halisemi kitu. Kaeni kwanza muandike hati ya maelekezo ya kazi, kurasa mbili zatosha, kisha muwapelekee wote watatu hati ileile na kuwaomba wapange bei upya, kila kipengele na gharama yake: maandalizi na mswada, siku za kurekodi, idadi ya watu watakaokuja, vifaa vya sauti, uhariri, muziki, msimulizi, usafiri. Ulizeni pia kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na kama watatoa ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa ankara za kielektroniki, kwa maana tangu Januari 2024 Mamlaka ya Ushuru haikubali matumizi ya biashara yasiyo na ankara ya namna hiyo, na mhasibu wenu atakuja kuidai.

Jambo la kwanza katika hati hiyo ni nani atakayeitazama video na ataitazamia wapi. Mmetaja mkutano mkuu na wanachama wapya, nami naona hizo ni hadhira mbili. Aliyeketi ukumbini mbele ya skrini kubwa tayari ni mwanachama, na anataka kujua fedha zake zimefanya nini. Mama anayeuza samaki Dunga, ambaye hajajiunga bado, ataipata video kwenye simu kupitia WhatsApp, kwa bando lake mwenyewe, huku akihudumia wateja. Wa kwanza anaweza kuvumilia dakika tano. Wa pili mkimpa zaidi ya dakika moja na nusu amekwenda zake. Agizeni basi tangu mwanzo nakala mbili zitokane na siku zilezile za kurekodi, moja pana ya ukumbini na moja fupi ya wima, yenye faili nyepesi, kwa ajili ya simu. Mkiomba ya wima baada ya kazi kwisha, mhariri atalazimika kukata picha pembeni, na watu waliosimama pamoja mara nyingi hubaki nusu nusu.

Jambo la pili ni kile mnachotaka mtazamaji afanye baada ya kutazama. Kiwe kimoja. Chama kinachotaka kueleza historia yake tangu kuanzishwa, mikopo ya aina zote, tawi jipya, huduma ya simu, na shukrani kwa kila aliyepata kuwa mwenyekiti, kitapata orodha inayosogea wala hakitapata video. Hapa ndipo urefu huharibika. Msimulizi wa Kiswahili anayesoma kwa utulivu husoma maneno kama 120 kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu. Hotuba ya mwenyekiti yenye maneno 1,000 ni zaidi ya dakika nane kabla hamjaonyesha hata mtumbwi mmoja. Kwa video ya dakika tano, mswada wenye maneno 400 hivi unaacha nafasi ya watu kusema wenyewe na ya picha kupumua. Hesabuni maneno kabla ya kurekodi. Hakuna kipimo kilicho rahisi kuliko hicho, na sijui kwa nini hakitumiwi.

Lugha nayo iamuliwe mapema. Mkulima wa Ahero atakayeeleza kwa Kijaluo jinsi mkopo ulivyomfikisha kwenye msimu wa kupanda atasema kwa ufasaha na kwa uso uliotulia, kuliko akilazimishwa Kiingereza cha ofisini. Chini yake muweke manukuu ya Kiswahili. Lakini manukuu hayo lazima yaandikwe na kuhakikiwa na mtu anayezijua lugha zote mbili, naye anahitaji siku yake na malipo yake. Yasipotajwa kwenye bajeti yatafanywa na yeyote aliye karibu, usiku.

Kuhusu kumchagua mtengenezaji, msiridhike na ule mkanda wa sampuli wenye vipande vya sekunde tatu tatu na muziki wa nguvu. Karibu kila mtu anaweza kupata sekunde tatu nzuri. Ombeni kazi mbili nzima alizofanyia taasisi zinazofanana na yenu, mzitazame tangu mwanzo hadi mwisho, mkivaa visikizi. Sikilizeni kama sauti ya msemaji iko karibu na safi, kama inapanda na kushuka kila picha inapobadilika, kama muziki unamshinda anayeongea. Ulizeni yeye alifanya nini hasa katika kazi hiyo, maana si ajabu mtu akaonyesha filamu ambayo alishikilia taa tu. Halafu mpigieni simu aliyelipia kazi ile, mkamwulize maswali mawili: ililetwa siku iliyoahidiwa, na marekebisho yaliombwa mara ngapi. Kijana wa mwaka jana asikataliwe kwa sababu ya mwaka jana wala asipewe kwa sababu ya mzazi wake. Mpeni hati ileile ajibu kama wenzake. Huenda naye hakuwahi kuambiwa mnataka nini.

Sasa nije kwenye sauti na mahali, ambapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi za upande wetu wa magharibi zinapoharibikia. Mtazamaji husamehe picha yenye ukungu kidogo. Maneno yasiyosikika hayasamehe. Hati yenu iseme wazi kwamba kila anayehojiwa atavalishwa maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, kwamba kutakuwa na maikrofoni ya pili ya akiba inayorekodi wakati huohuo, na kwamba mtu atakuwa amevaa visikizi muda wote wa kurekodi. Maikrofoni iliyo juu ya kamera, hatua tatu kutoka kwa msemaji, husikia chumba kizima. Na vyumba vyetu vina mengi ya kusikika: vigae vya sakafuni vinavyorudisha mwangwi, feni, jenereta ya jirani, bodaboda za Mtaa wa Oginga Odinga. Chagueni ofisi ya nyuma, yenye pazia, zulia au viti vya kitambaa, mzime feni na kiyoyozi kwa dakika zile za mahojiano, na muwaombe wafanyakazi wasipite koridoni.

Mvua ndiyo adui mwingine. Mmesema mkutano ni Aprili, yaani katikati ya masika, na mwanakisumu yeyote anajua wingu la alasiri linavyojengeka kutoka ziwani. Mvua ikianza kupiga juu ya paa la mabati, mahojiano yamekwisha, na hakuna programu itakayowarudishia sauti ile ikiwa safi. Kwa hiyo rekodini asubuhi, tena ikiwezekana kati ya Januari na Februari, mkiwa na siku moja ya akiba iliyoandikwa kwenye mkataba pamoja na gharama yake. Asubuhi inafaa pia kwa sababu ya jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na saa sita mchana jua liko utosini muda mwingi wa mwaka; anayehojiwa nje saa hiyo hutoka na vivuli vyeusi machoni na chini ya pua. Kati ya saa moja na saa tatu na nusu mwanga ni laini. Ufukweni vilevile asubuhi kuna utulivu zaidi, kwa kuwa upepo wa kutoka ziwani huongezeka kadiri nchi kavu inavyopata joto, na upepo huo ukigonga maikrofoni isiyo na kifuniko cha manyoya unasikika kama ngurumo.

Kuna kosa moja la mwanga ambalo nalikuta hata katika kazi za bei kubwa, nalo linatugusa sisi hasa. Kamera iliyoachwa ijipime yenyewe hupima eneo zima. Ukimketisha mtu mweusi mbele ya dirisha au mbele ya maji yanayong'aa, kamera itapunguza mwanga ili kuokoa anga, na uso wa mtu utabaki kivuli. Mpiga picha anayeijua kazi yake hupima mwanga usoni, humgeuza mtu alielekee dirisha badala ya kulipa mgongo, au huongeza taa. Mnapotazama sampuli zake, tazameni nyuso. Kama mtu mwenye ngozi nyeusi sana na mwenye ngozi ya maji ya kunde wameketi pamoja na sura za wote wawili zinasomeka, huyo mnaweza kumwamini.

Kuhusu zile picha za angani mlizozipenda, sina neno baya, ila ziwe na kazi. Sekunde kumi za kuonyesha mashamba ya Ahero yalivyotandaa zinaeleza jambo. Dakika mbili za kuzunguka paa lenu hazielezi. Anayerusha droni lazima awe na leseni na cheti kutoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2020, na kwa kuwa uwanja wa ndege wa Kisumu uko karibu sana na mji, ruhusa ya kuruka ni jambo la kuombwa mapema. Ombeni kuona karatasi. Mwachieni mtengenezaji pia jukumu la leseni ya kurekodi inayotakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, kwa filamu za kuonyeshwa umma, na vibali vya wenye maeneo, lakini mkataba useme kwamba ni jukumu lake na kwamba nakala mtapewa.

Nimeliweka karibu na mwisho jambo ambalo wajumbe wako hawatalipenda. Kwa kadiri ninavyoona, halmashauri zimeharibu video nyingi kuliko kamera mbovu. Wajumbe tisa wakitazama nakala ya kwanza, kila mmoja atatoa maoni, mengine yakipingana: huyu anataka muziki upunguzwe, yule anataka uongezwe, wa tatu anauliza mbona hakuonekana. Mhariri wa video akipokea ujumbe tisa kwenye simu atafanya anavyoweza, na kitakachotoka hakitakuwa cha mtu yeyote. Halmashauri ipitishe hati ya maelekezo na mswada, tena kwa kumbukumbu za kikao, kisha imteue mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha hatua zinazofuata. Ningependa awe wewe, Bi. Katibu, kwa sababu kumbukumbu ziko kwako. Maoni ya wajumbe yakusanywe kwenye karatasi moja, kila oni likitajiwa dakika na sekunde inayohusika, yale yanayopingana yaamuliwe na huyo mmoja, ndipo yapelekwe. Mkataba utaje marekebisho mara mbili bila malipo ya ziada, na bei ya kila rekebisho baada ya hapo. Utaje pia kwamba mpangilio wa picha ukishaidhinishwa haubadilishwi, kwa kuwa usimulizi, muziki, rangi na manukuu vyote hujengwa juu yake. Kuondoa sentensi moja wakati huo ni kuvunja vinne.

Malipo yafuate hatua hizo. Mpango wa haki kwa pande zote ni kama asilimia 40 mswada unapoidhinishwa na tarehe kupangwa, asilimia 40 nakala ya kwanza inapowasilishwa, na 20 baada ya kukubali kazi. Tarehe ya kukabidhi iwe wiki tatu kabla ya mkutano, ikiandikwa hivyo; msiifiche tarehe halisi ya mkutano, wala msiiachie ile ya kukabidhi isogezwe. Katika wiki hizo mtaitazama video ukumbini penyewe, kwa projekta na spika zitakazotumika siku ile, kisha kwenye simu ya bei nafuu, kisha na mtu asiyejua lolote kuhusu chama chenu, mumwulize ameelewa nini. Orodha ya majina na vyeo muiandike ninyi, muitie sahihi, na muilinganishe herufi kwa herufi na yaliyo kwenye skrini. Takwimu za akiba, mikopo na gawio zitoke kwenye hesabu zilizokaguliwa, na mweka hazina azisikilize zikisomwa; tarakimu iliyosemwa vibaya mbele ya wanachama ni tatizo zito kuliko picha inayotikisika, na ikiwa chama chenu kiko chini ya usimamizi wa SASRA, mamlaka inayosimamia vyama vya akiba na mikopo, kitakachotangazwa kwenye video kitahesabiwa kuwa kauli ya chama.

Baada ya bei mpya kufika, huenda mkajikuta mnaelekea kwa yule wa 240,000, au hata wa 85,000 akiwa ameongeza mtu wa sauti na siku moja. Yule wa 610,000 msimchague mpaka aonyeshe, kipengele kwa kipengele, zile 370,000 za ziada zinanunua nini ambacho mtazamaji wa Dunga ataona au kusikia.

Swali kutoka Nakuru

Mheshimiwa Mhariri,

Shule yetu ya binafsi mjini Nakuru ililipia video ya kuvutia wazazi. Kazi ni nzuri. Sasa tumeomba tupewe picha ghafi zote zilizorekodiwa ili tutengeneze tangazo fupi, na mpiga picha anasema ni mali yake, tulipe tena. Mkataba wetu ulikuwa wa maneno ya simu na ankara moja. Je, nani mwenye haki?

Mwalimu Mkuu, Nakuru

Jibu

Mwalimu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, hakimiliki yake huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama pande mbili zilikubaliana vingine. Kwa hiyo mna hoja, hasa kuhusu video iliyokamilika. Kwenye picha ghafi mvutano huwa mkubwa zaidi, kwa kuwa yeye anaweza kudai kwamba mliagiza video iliyohaririwa peke yake, na ankara yenu isiyo na maelezo haitawasaidia kumjibu. Isitoshe, kuhifadhi faili hizo miezi mingi kunamgharimu diski, na kuzipanga kunamgharimu muda. Ningewashauri mkubaliane malipo madogo ya kukabidhi, kwa maandishi, kuliko kwenda kubishana. Na safari nyingine mwandike tangu mwanzo kwamba mtapewa video kamili kwa ubora wa juu, nakala isiyo na maandishi wala muziki, picha ghafi kwenye diski mtakayoinunua ninyi, na kwamba zitahifadhiwa mahali pawili tofauti hadi mtakapothibitisha kupokea. Ile nakala isiyo na maandishi ndiyo itakayowafaa zaidi. Mwalimu akihama au nambari ya simu ikibadilika, hamtaanza upya. Dai pia hati ya leseni ya muziki, kwa sababu wimbo maarufu uliowekwa bila ruhusa unaweza kuifanya video yenu iondolewe mtandaoni wakati wowote, na atakayeulizwa ni shule.

Lakini kabla ya hayo yote kuna swali ambalo hukuuliza. Je, wazazi wa watoto wanaoonekana walitia sahihi? Sura ya mtu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Fomu ya jumla ya kujiunga na shule, yenye mstari mmoja uliofichwa kuhusu picha, singeitegemea. Tayarisheni fomu inayotaja video, mahali itakapowekwa, muda wa kutumika, na namna mzazi anavyoweza kuiondoa idhini yake. Na kama picha ghafi zitatumika kwa tangazo ambalo halikutajwa mwanzoni, waulizeni wazazi tena. Mtoto ambaye mzazi wake amekataa asipangwe mstari wa mbele siku ya kurekodi kwa matumaini kwamba mhariri atamficha baadaye.

Swali kutoka Kakamega

Mheshimiwa Mhariri,

Video ya hospitali yetu ilirekodiwa wodini chini ya taa za kawaida. Kwenye skrini kuna mistari myeusi inayopanda na kushuka, na taa zinapepesa. Mpiga picha anasema umeme wetu ni mbaya. Ni kweli?

Msimamizi, Kakamega

Jibu

Umeme wenu hauna kosa. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za mirija na za LED za bei nafuu huongeza na kupunguza mwanga mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, kwa kasi ambayo jicho halioni. Kamera ikiwekwa kurekodi fremu 30 kwa sekunde, kama zinavyotoka nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, na kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) isiyolingana na umeme huo, kila fremu hunasa kiasi tofauti cha mwanga, ndipo mistari hutokea. Kwa taa zetu fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huondoa tatizo hilo mara nyingi. Taa nyingine mbovu hupepesa hata hivyo, na hizo huzimwa na kuwekwa taa za mpiga picha mwenyewe. Hilo ni jambo la kujaribiwa kwa dakika mbili kabla ya kazi kuanza, na ni la mpiga picha.

Zipo programu za kupunguza kupepesa huko, lakini huacha picha ikiwa laini kupita kiasi na mistari mipana haitoki yote. Mwombeni arudi kurekodi sehemu za wodini bila malipo, na mpange siku isiyo na msongamano wa wagonjwa. Akija, aonyeshe jaribio kwenye skrini kubwa kuliko ile ndogo ya nyuma ya kamera kabla hamjamruhusu kuanza, na wagonjwa watakaoonekana wawe wametia sahihi zao mapema, wakiwa na nguvu na utulivu wa kusoma wanachokikubali.